Programu za Linux Ndani ya Windows

Muhula huu nataka kuwaelezeni jinsi programu za Linux ziwezavyo kutumika katika kompyuta ya Windows, pasipo kuifuta Windows yenyewe. Jambo hili latufaa, kwa kuwa kompyuta tunayojifunzia ndiyo hiyo hiyo waalimu wanayowekea alama zetu. Nani atathubutu kuifuta?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa nchi ya Ufini. Hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa kuichungua na kuirekebisha. Lakini programu ya Linux haisikilizani na Windows. Ni kama Mjita na Mkurya wakikutana sokoni hapa Mukendo bila Kiswahili: biashara haiendi.

Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft ilileta mkalimani, jina lake WSL. Kila ombi la programu ya Linux aligeuza katika lugha ya Windows. Hata hivyo hakuyajua maneno yote, na programu nyingine zilikwama. Basi mwaka 2019 ikatangazwa WSL 2. Hii haimtafsirii mgeni, bali humjengea chumba chake: kiini halisi cha Linux hukaa ndani ya Windows.

Kuiweka si kazi ngumu. Fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, andika wsl --install, kisha uzime kompyuta na kuiwasha tena. Utaletewa Ubuntu kwa intaneti; jina hilo latoka kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Utaulizwa jina na nywila. Uandikapo nywila hutaona herufi yo yote. Usidhani kibodi imeharibika, endelea tu.

Sasa sikieni onyo langu. Chumba cha mgeni kina mlango wa kuingilia nyumba kubwa. Diski C ya Windows huonekana humo kwa jina /mnt/c, na ukiiita WSL ukiwa katika folda ya Windows, utajikuta umesimama papo hapo. Muhula uliopita niliandika rm -r mazoezi ili nifute kazi zangu za zamani. Kumbe nilikuwa katika folda ya mwalimu, naye alikuwa na mazoezi yake! Nilikimbilia pipa la taka la Windows, nikalikuta tupu, maana rm haipitishi kitu pipani.

Nilikwenda kwa mwalimu nikaungama. Hakunichapa. Alinipa daftari lake, nami nikayaandika yote upya kwa Jumamosi tatu.

Basi wenzangu, kabla ya rm andikeni pwd, nayo itawaambia mmesimama wapi. Tena kazi ya thamani iwe na nakala mahali pengine. Wazee husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu asipoongozwa, mwenyeji haponi.