Siku Moja Peke Yako Hamburg: Vidokezo 8

Hamburg ni mji wa kutembea mwenyewe. Vya kutazama viko karibu karibu, na anayetembea peke yake hana wa kumsubiri wala wa kumharakisha. Kwa mtu wa pwani yetu ipo sababu ya ziada. Mji huu ni dada wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010, na kampuni ya O'Swald ya hapa ilifungua ofisi Unguja mwaka 1849, miaka mingi kabla Ujerumani haijawa na koloni hata moja. Ilikuwa ikinunua kauri na kwenda kuziuza Afrika Magharibi. Ushauri wangu mkuu ni huu: usihangaike kuumaliza mji, fuata maji.

1. Chagua siku vizuri. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, na Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi. Lakini Jumapili alfajiri ndipo lilipo soko la samaki la Fischmarkt, ambalo saa tatu na nusu asubuhi limeshakwisha. Ukilitaka, damka.

2. Nunua tiketi ya siku nzima. Tiketi hiyo moja inakupandisha treni, basi na hata feri za bandarini. Stesheni hazina mageti, kwa hiyo ni rahisi kujisahau ukaingia bila kulipa. Wakaguzi hupita wakiwa wamevaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60. Weka tiketi mahali unapoweza kuitoa mara moja.

3. Panda feri namba 62. Watalii wengi hulipia boti za matembezi, ilhali feri hii ya abiria inapita katikati ya bandari kwa tiketi uliyo nayo tayari. Ipande Landungsbrücken, nenda sitaha ya juu, kaa upande wa kushoto uone gati na meli zinazotengenezwa. Bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, lakini meli kubwa za makontena huupanda mto Elbe mpaka mjini. Shuka Neumühlen, utembee kwenye mchanga wa Övelgönne hadi kwenye jiwe liitwalo Alter Schwede. Lina uzito wa tani 217, na lilitolewa chini ya mto mwaka 1999 kina kilipokuwa kikiongezwa.

4. Vuka mto kwa miguu, chini ya maji. Ukirudi Landungsbrücken, ingia kwenye jengo lenye kuba. Hapo ndipo unapoanzia Alter Elbtunnel, njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1911. Unashuka mita 24 kwa lifti au ngazi, kisha unatembea mita 426, bila malipo. Usipite mbio. Ukutani, katikati ya vigae, kuna vinyago vya udongo wa kuchoma: samaki, kaa, hata panya waliozunguka kiatu kikuukuu. Ukitokea ng'ambo, utauona mji wote umejipanga mbele yako. Picha nzuri ya Hamburg inapigwa hapo.

5. Kula mkate wa samaki, lakini linda mkono wako. Fischbrötchen ni mkate mdogo uliotiwa samaki na vitunguu, na ndicho chakula cha bandarini. Shakwe wa hapa ni wezi hodari: hutokea nyuma na kukunyakua tonge mkononi. Simama ukiwa umeupa ukuta mgongo. Anayetaka chakula cha halali aende mtaa wa Steindamm, karibu na kituo kikuu cha treni. Migahawa ya Kituruki na Kiafghani imejaa. Jirani, Böckmannstraße, upo msikiti wenye minara ya kijani na nyeupe. Mahali pakijaa, omba kiti kwenye meza ya mtu. Ni jambo la kawaida, na msafiri wa peke yake hupata mazungumzo hivyo.

6. Tembea Speicherstadt ukitazama juu. Haya ni maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa ndani ya tope. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1888, baada ya watu wapatao 20,000 kuhamishwa makwao ili kuipisha. Angalia kapi zilizo juu kabisa ya kila ghala. Kwa hizo magunia ya kahawa, chai na viungo yalivutwa kutoka kwenye mashua. Kila ghala lina mlango wa barabarani na mwingine wa majini. Jioni nenda daraja la Poggenmühlenbrücke, taa zikishawashwa.

7. Mzuru Salme. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kitabu cha maisha yake alikitoa mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924, akazikwa hapa kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Treni ya S1 inakufikisha moja kwa moja kutoka Landungsbrücken. Makaburi yana hekta 389 na basi zake za ndani, kwa hiyo anza kwa kuomba ramani langoni. Tenga saa mbili. Kwangu mimi, hii ndiyo sehemu ya siku isiyofaa kukatwa.

8. Panda mnara mmoja tu, na ujue utakavyorudi. Ngazi za kanisa la St. Michaelis ni 452, ingawa lifti ipo. Ukiwa umechoka, roshani ya Elbphilharmonie, jumba la muziki lililofunguliwa mwaka 2017, iko mita 37 juu ya bandari, na eskaleta inakupandisha. Mtumie mtu wa nyumbani ramani ya ulipo kabla giza halijaingia, na simu iwe na chaji. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za mjini hazilali. Siku nyingine, tazama ratiba kabla hujaagiza chakula cha jioni.