Kalibu ya matundu mawili au sita?

Swali: Nayeyusha risasi kutengeneza machubwi ya wavuvi wa Kasenyi na Tchomia. Ninunue kalibu ya matundu mangapi? – Msomaji, Bunia

Jibu: Ndugu yangu, anza na mawili, ya alumini. Ni nyepesi na hupata joto upesi. Kalibu ya matundu sita inataka sufuria kubwa, moto usiopungua na mkono wenye nguvu. Upawa ukiwa mdogo, tundu la mwisho hupata risasi iliyokwisha kupoa, na chubwi hutoka na mikunjo. Nunua ya sita pale tu oda zinapokushinda.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Pasha kalibu kwanza, na hakikisha ni kavu kabisa: tone moja la maji ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukurushia risasi ya moto usoni.

Linalonitia hofu zaidi ni kutoa risasi kwenye betri kuukuu za magari. Usizipasue nyumbani. Asidi huunguza, na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Yeyushia nje, mbali na jiko la chakula, na badilisha nguo kabla hujambeba mwanao.