Dondoo muhimu: Menyu ya tovuti ya miongozo

Unaandaa tovuti ya miongozo ya huduma kwa wakazi wa Wusi? Usizirundike wadi zote 20 za Kaunti ya Taita Taveta kwenye menyu moja. Kwenye simu zitajaza skrini. Tanguliza maeneo bunge ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kisha wadi chini ya kila moja. Wadi ya Wusi/Kishamba iko Mwatate, ila si kila mtu anakumbuka mipaka ya uchaguzi, kwa hiyo kisanduku cha kutafuta kiipate kwa “Wusi” pekee au “Kishamba” pekee.

Vichwa viwe vitendo: “Omba basari”, si “Idara ya Elimu”. Ngazi mbili zatosha. Juu ya kila ukurasa onyesha njia: Mwanzo > Mwatate > Wusi/Kishamba. Kabla ya kuzindua, mpe jirani simu aitafute basari bila wewe kumwelekeza.