Ukikesha, Nani Atapanga Ulichosoma?

Mchezo huu unaujua: kesho mtihani wa Baiolojia, na wewe usiku wa manane umetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie. Hata mimi niliucheza nikiwa kidato cha nne. Asubuhi nikasoma swali, jibu nalijua, hata ukurasa nauona, lakini neno lenyewe halitoki!

Wengi tunadhani mtu akilala ubongo nao unazimika kama taa. Si kweli. Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo inayopokea mambo mapya ya mchana, ila si ghala la kudumu. Ukiwa katika usingizi mzito, ambao huja zaidi mwanzoni mwa usiku, mambo yale hurudiwa na kuunganishwa kidogo kidogo na tabaka la nje la ubongo, pamoja na yale uliyoyajua zamani.

Mwaka 1994 huko Marekani, wanasayansi Matthew Wilson na Bruce McNaughton walipima seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakitafuta chakula. Panya walipolala, zile seli zilizokuwa zikifanya kazi pamoja wakati wa matembezi zikaanza tena kufanya kazi pamoja. Kumbe panya anadurusu njia huku amelala!

Usinielewe vibaya. Usingizi haukufundishi usichosoma, na daftari chini ya mto ni kazi bure. Unapanga tu kile ulichokiingiza mwenyewe. Ukikesha unapata hasara mara mbili: ya jana hayajapangwa, na mapya yanaingia kwa shida.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala masaa 8 hadi 10. Najua, kwenye mabweni mengi kengele hulia alfajiri, na hilo ni kosa la ratiba, si lako. Lakini hata kukaa kimya dakika 10 baada ya kusoma, bila redio wala simu, kunasaidia kumbukumbu.

Kama mnasoma kikundi, kubalianeni kufunga madaftari saa 4 usiku. Asubuhi, mkiwa kwenye foleni ya uji, mwulizane yale ya jana.