Vidonge vya kusaga mafuta havifiki kwenye ini

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 47, ninaishi Morogoro. Nilipimwa tumbo kwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu chini ya mbavu za kulia, nikaambiwa nina mafuta kwenye ini. Kipimo cha damu kikaonyesha vimeng'enya vya ini vimepanda. Dada mmoja anayeuza dawa lishe hapa mtaani ananiambia kinyume chake, kwamba vimeng'enya vyangu vya kusaga mafuta vimepungua, ndiyo maana mafuta yamerundikana kwenye ini. Ameniuzia chupa ya vidonge vya laipesi, nimeze kila baada ya kula. Nina kilo 86 na pombe situmii. Nani mkweli kati ya hawa wawili? – Mama S.

JIBU: Mama, hospitali wamekueleza sawa. Huyo dada amechukua vitu viwili visivyohusiana akavifunga fungu moja, na wewe umelipia fungu hilo.

Vilivyopanda kwenye damu yako ni ALT na AST. Makazi ya ALT hasa ni ndani ya seli za ini, na kazi ya vyote viwili inahusu malighafi za protini. Mafuta havigusi kabisa. Seli ya ini ikiumia huvuja, vikaingia kwenye damu, na hapo maabara ndipo inapovikuta. Ujue pia kwamba wapo watu wenye mafuta mengi kwenye ini na ALT yao haina neno, kwa hiyo namba hiyo ikishuka usikimbilie kusema umepona.

Laipesi ni habari nyingine. Hutengenezwa na kongosho na kumwagwa kwenye utumbo mwembamba. Ukila samaki wa kukaanga, nyongo huyakata mafuta yale kuwa matone madogo kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria, kisha laipesi huyavunja hadi yaweze kupenya ukuta wa utumbo. Kazi yake inaishia hapo. Kimeng'enya chenyewe ni protini, na ukikimeza nacho humeng'enywa humo humo tumboni kama kipande cha nyama. Hakiingii kwenye damu kwenda kulitafuta ini.

Tena fikiri, mama: kama kidonge hicho kingefanya kazi yoyote kwako, kazi yenyewe ingekuwa kukusaidia kufyonza mafuta zaidi kutoka kwenye chakula. Ipo dawa ya kupunguza uzito iitwayo orlistat ambayo hufanya kinyume: huizuia laipesi, na karibu asilimia 30 ya mafuta uliyokula hupita na kutoka na choo. Hata hiyo si dawa ya ini, lakini inakuonyesha mwelekeo ambao madaktari wanaujaribu. Wewe umeuziwa njia ya kurudi nyuma.

Sasa mafuta ya ini yanatoka wapi, kama si kwa upungufu wa laipesi? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambayo walifuatilia chembe za mafuta hadi ndani ya ini la wagonjwa wenye tatizo kama lako. Wagonjwa walikuwa wachache, lakini picha iliyopatikana bado inatumika kufundishia. Karibu asilimia 60 ya mafuta yale yalikuwa yametoka kwenye akiba ya mwili, yaani kitambi na mafuta ya chini ya ngozi. Karibu robo ini lilijitengenezea lenyewe, hasa kwa sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula yalikuwa kama asilimia 15 tu.

Kwenye hiyo akiba kuna laipesi za aina nyingine, za ndani ya seli. Kwa kawaida ukila, insulini hupanda na kuzituliza, maana mwili umepata chakula na hauna haja ya kugusa ghala. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa, insulini hupoteza usemi. Inapanda lakini haisikilizwi. Laipesi za kwenye kitambi zinaendelea kuvunja mafuta na kuyamwaga kwenye damu, na mengi huishia kwenye ini. Na insulini hiyo hiyo iliyojaa kwenye damu bado inalisukuma ini ligeuze sukari kuwa mafuta. Kwa hiyo vimeng'enya vya kuvunja mafuta kwenye mwili wako havijapungua. Kwenye kitambi vinafanya kazi kupita kiasi.

Wapo pia watu ambao uvunjaji wa mafuta ndani ya ini lenyewe una hitilafu ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Texas, waligundua kwamba badiliko dogo kwenye jeni iitwayo PNPLA3 linaongeza mafuta ya ini. Protini yenye hitilafu hurundikana juu ya matone ya mafuta na kuziba njia ya vimeng'enya vingine. Na upo ugonjwa wa nadra ambao laipesi moja ya ndani ya seli hukosekana. Dawa yake, iliyoidhinishwa mwaka 2015, ni kimeng'enya hicho hicho kilichotengenezwa maabara, na hutolewa kwa dripu kwenye mshipa. Kama kumeza kungetosha, nani angehangaika na dripu?

Vidonge vya laipesi vina wagonjwa wao halali: wenye kongosho lililoharibika kwa uvimbe wa muda mrefu, au lililokatwa kwa upasuaji. Hao hupata choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka vibaya, na hukonda. Baadhi yao hupata hata mafuta kwenye ini kwa sababu ya utapiamlo, na kwao vidonge husaidia kweli. Lakini wewe una kilo 86 na hujanieleza lolote kuhusu choo. Halafu jambo ambalo wauzaji hawalisemi: laipesi ya hospitali hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Vile vya dukani vingine hutokana na kuvu. Kama dini yako inakukataza, una haki ya kuuliza kabla ya kumeza.

Dawa zipo, ila si kwa kila mwenye mafuta kwenye ini. Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka 2024 na semaglutide mwaka 2025 kwa wenye ini lililokwisha kupata makovu ya kiasi. Kwako kinachofanya kazi ni kupunguza uzito. Ukipunguza asilimia 7, yaani kilo 6, mafuta na uvimbe wa ini hupungua kwa wengi. Ukifika asilimia 10, karibu kilo 9, hata makovu ya awali huweza kurudi nyuma. Fanya polepole kwa miezi, kwani kufunga kwa fujo huleta mawe kwenye nyongo.

Anza na vinywaji. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, na watu wengi wanaoniambia "mimi mafuta sili" wameishika mkononi. Chai punguza sukari hadi uizoee. Punguza kipimo cha wali na ugali, ongeza mboga na maharage, utembee kwa kasi dakika 30 siku nyingi za wiki. Kahawa chungu haina shida, na wanywaji wake huonekana kuwa na makovu machache ya ini.

Rudi hospitali wakupime sukari, kolesteroli na shinikizo la damu. Omba na kipimo cha homa ya ini aina ya B, maana hapa kwetu mtu anaweza kuwa na mafuta na kirusi kwa pamoja, na kirusi hakisubiri upungue uzito. Waulize pia kuhusu hesabu ya FIB-4, inayotumia umri wako, ALT, AST na chembe sahani za damu kukadiria kama ini lina makovu. Haihitaji mashine ya gharama.

Hiyo chupa acha kuitumia, na fedha ya chupa ya pili lipia vipimo hivyo.