Ukosefu na Sababu Yake: Aina Mbili za Data katika Programu za Kompyuta

Tarehe 23 Oktoba 1871 Dk. David Livingstone aliwasili Ujiji, mgonjwa na mchovu, akitumaini kukuta shehena aliyopelekewa kutoka pwani. Hakukuta kitu: aliyekabidhiwa mizigo hiyo alikuwa ameiuza. Barua zake nazo zilikwama Unyanyembe, karibu na Tabora, na vita baina ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya misafara. Mfuko wa barua wenye tarehe ya 1 Novemba 1870 ulimfikia mwezi Novemba 1871, ukiletwa na Stanley, aliyelazimika kuzungukia kusini.

Anayengoja mzigo Ujiji huona jambo moja tu: haupo. Lakini huenda haukutumwa, huenda umeuzwa, huenda umezuiwa Tabora. Katika hali ya kwanza ataagiza upya. Katika ya pili atamdai mwenye dhamana. Katika ya tatu atangoja au atatafuta njia nyingine. Mwandishi wa programu hukabiliwa na tatizo hilo hilo.

Mwaka 1965 Tony Hoare aliingiza katika lugha ya ALGOL W rejeo tupu, yaani alama ya kwamba hakuna kitu. Mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu programu nyingi hulitumia tupu hilo kana kwamba ni kitu, zikaanguka. Lugha za fankisheni za ukoo wa ML, ulioanzishwa na Robin Milner na wenzake huko Edinburgh katika miaka ya 1970, huutangaza ukosefu katika aina ya data yenyewe. Hapo kompaila humkumbusha mwandishi kushughulikia kila hali.

Aina hizo ni mbili. Ya kwanza tuiite aina ya hiari. Thamani yake ni ama «Kipo», pamoja na kitu chenyewe, ama «Hakipo». Lugha ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, huipa jina lenye maana ya «huenda». Ya pili tuiite aina ya tokeo. Thamani yake ni ama «Sawa», pamoja na kitu, ama «Kosa», pamoja na sababu. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, hutumia zote mbili.

Tofauti yao huonekana pale fankisheni kadhaa zinapounganishwa. Tufikirie msafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Kila kituo ni fankisheni inayopokea mzigo na kuupeleka mbele. Mzigo ukipotea Mpwapwa, vituo vinavyofuata havifanyi kazi yoyote. Kwa aina ya hiari, Ujiji itapokea «Hakipo» peke yake. Kwa aina ya tokeo, itapokea «Kosa: wapagazi walitoroka Mpwapwa», bila neno kubadilika njiani.

Je, aina ya tokeo ni bora daima? La. Tukitafuta jina katika daftari na lisiwemo, ukosefu una maana moja tu. Aina ya hiari yatosha, na kuongeza sababu ni kumtwisha mpagazi mzigo usio na faida. Lakini tuchukue programu ya maabara ya hospitali. Jibu la kipimo cha malaria likikosekana, yawezekana damu haikutolewa, sampuli imeharibika, au mashine imekwama. Daktari akionyeshwa nafasi tupu, aweza kudhani kwamba vimelea havikuonekana, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila dawa.

Basi msomaji azingatie kanuni hii: ikiwa sababu mbalimbali za ukosefu zadai hatua mbalimbali, tumia aina ya tokeo, na sababu hizo ziorodheshwe moja moja. Tokeo laweza kugeuzwa kuwa hiari wakati wowote kwa kuitupa sababu. Lakini sababu ikishatupwa Tabora, hakuna awezaye kuirudisha akiwa Ujiji.