Jino limeoza: tuzibe ao tung'oe?

Ndugu mutumishi, na wewe mama wa nyumbani,

Mara nyingi mutumishi anafika kwetu akishika shavu: «Munganga, ng'oa tu, nirudi ku kazi.» Siku tatu hakulala, tunamwelewa. Lakini jino la mutu mukubwa likitoka, lingine halitaota. Basi mujue kwanza njia zote.

1. Kuziba. Jino linauma kidogo kwa maji baridi ao sukari, kisha linatulia upesi: tundu lingali dogo. Munganga wa meno anatoa sehemu iliyooza na kuziba. Kuna dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, na ile ya zamani yenye zebaki, ngumu sana. Mwaka 2022, mataifa ya mapatano ya Minamata juu ya zebaki yalikubali kwamba hii ya zebaki isitumiwe kwa watoto wasiofikisha miaka 15, wala kwa wanawake wenye mimba ao wanaonyonyesha, isipokuwa munganga akiona ni lazima.

2. Kusafisha mizizi. Jino linauma lenyewe usiku: uozo umefikia mushipa wa ndani. Kuziba juu tu hakutoshi. Munganga anatoa mushipa, anasafisha mizizi na kuijaza. Pengine utarudi mara mbili ao tatu. Gego lililotengenezwa hivi linavunjika kwa urahisi, kwa hiyo mara nyingi linavikwa kofia.

3. Kung'oa. Jino limebaki kipande tu, ao linatikisika sana. Hapo kung'oa ni haki.

Munaona: kadiri tunavyokawia, njia zinapunguka.

Angalia! Maumivu yakinyamaza yenyewe, usiseme umepona. Pengine mushipa umekufa, na usaha unakusanyika chini. Shavu likivimba pamoja na homa, ao ukishindwa kufungua kinywa ao kumeza, fika lopitalo siku ileile. Usiweke aspirini juu ya ufizi: inauchoma.

Mama, tazama kinywa cha mutoto wa miaka 6. Nyuma ya meno ya utoto linaota gego kubwa. Wengi wanafikiri litaanguka. Hapana, hilo ni la maisha. Ukiona doa jeusi, mulete mbele halijauma.

Na wewe mutumishi, mbele ya kusema «ng'oa», uliza: «Munganga, jino hili linaweza kuponywa? Nitarudi mara ngapi?» Kisha uchague.